Kununua Mazda MX-5 kuukuu: nenda na ndoo ya maji

Ukisema mjini Moshi kwamba unatafuta gari la kufunuka paa, watakucheka kwanza. Wacheke. Wewe beba ndoo ya maji na sumaku.

Kabla ya kuwasha injini, funga paa, mwagia maji nyuma ya turubai, kisha chungulia chini, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Maji yatokee pale. Yasipotoka, matundu yamezibwa na majani na vumbi, na masika yote maji yamelala ndani ya bodi chini ya milango. Kutu ya hapo hujificha chini ya rangi mpya. Mimi nilimwamini dalali ("Gari ya mzungu hii, kaka!"), nikaja kukuta puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, nene kama ugali. Ndiyo maana ya sumaku: isiposhika, kuna puti. Boneti isikutishe, ile ni ya alumini.

Za kuanzia 1989 hadi 2005 zina mkanda wa taimingi, ule unaozungusha vali za injini kwa wakati wake. Usipoonyeshwa risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Toleo la kwanza lina dirisha la nyuma la plastiki, kwa hiyo fungua zipu kabla ya kukunja paa, la sivyo litapasuka.

Lijaribu kwenye matuta, mkiwa wawili. Peke yangu nilipita Boma Ng'ombe vizuri. Nilipompakia shemeji, bomba la moshi likakwaruza hadi akashuka mwenyewe.

Kadi? Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi, halafu nendeni TRA pamoja na muuzaji.