Somo: Kuchagua kadi ya grafiki kwa kompyuta iliyotoka ofisini

Kompyuta nyingi za mezani ninazoletewa hapa Dodoma ili zimudu magemu zilianza maisha yake ofisini, na ndiyo maana somo hili linaanza na kasha, si kadi. Mimi nilianza na kadi: niliinunua Kariakoo, nikaipakata kama mtoto ndani ya treni ya SGR hadi nyumbani, na usiku uleule nikagundua kwamba pawa saplai yangu, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, haikuwa na waya wa kuilisha.

Hatua ya kwanza ni kufungua kasha na kusoma lebo ya pawa saplai. Tundu la PCI Express, ambamo kadi huchomekwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), hutoa wati 75 pekee. Waya wa pini sita huongeza wati 75 nyingine, na wa pini nane huongeza 150. Mashine nyembamba za ofisini kwa kawaida hazina nyaya hizo, na pawa saplai zake mara nyingi zina umbo la pekee, kiasi kwamba ile ya kawaida inayouzwa madukani haiingii. Mwenye mashine ya namna hiyo atafute kadi fupi isiyohitaji waya, kama RX 6400 ya wati 53 au RTX 3050 yenye kumbukumbu ya GB 6, inayotumia wati 70. Asome boksi kwa makini, kwa kuwa RTX 3050 ya GB 8 inatumia wati 130 na inahitaji waya: jina ni moja, kadi ni mbili.

Hatua ya pili ni rula. Pima nafasi kutoka ukuta wa nyuma wa kasha hadi kwenye kizimba cha diski, ujue urefu wa kadi itakayoingia.

Hatua ya tatu ni kujua nani anayechoka: prosesa au kadi uliyonayo. Cheza gemu lako, kisha ushushe ubora wa picha (resolusheni) hadi 720p. Kama mwendo wa gemu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, haubadiliki, aliyechoka ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia kitu. Mwendo ukipanda sana, basi kadi ndiyo iliyoelemewa, na unaweza kuendelea.

Hatua ya nne ndiyo ya kununua. Kwa skrini ya 1080p, chaguo langu ni RX 6600, yenye GB 8 na matumizi ya wati 132, iwapo pawa saplai inafika wati 450 na ina pini nane. RX 6500 XT huvutia kwa bei, lakini ina GB 4 tu na inatumia njia nne tu za PCI Express kupitisha data. Kwenye mazabodi ya zamani yenye PCI Express ya toleo la 3.0, kumbukumbu yake ikijaa, gemu huanza kukwamakwama. Siipendekezi kwa mashine hizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nkuhungu: Shikamoo mwalimu. Fundi ameniambia nitumie kiunganishi cha kugeuza waya wa SATA, ule wa kulisha diski, kuwa pini sita. Je, ni salama?

Jibu: Marahaba. Usikubali. Waya wa SATA umekusudiwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, ilhali pini sita zinaweza kudai 75. Plastiki huyeyuka, na wakati mwingine moto hufuata.

Mwanachama wa Chang'ombe: Kadi yangu ilikuwa baridi mwezi wa tatu, lakini sasa ni Oktoba na feni inapiga kelele mno. Imeharibika?

Jibu: Huenda ni vumbi letu tu, ndugu yangu. Tangu mvua zikatike, limejaa kwenye mapezi ya kupoozea. Zima mashine, toa kadi, ipulize kwa blowa huku umeishika feni isizunguke, na usiirudishe mashine sakafuni.

Mwanachama wa UDOM: Nimepata GTX 1050 Ti ya mtumba kwa bei ya kutupa. Nitajuaje kama ni halisi?

Jibu: Kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina hilo, kwa hiyo jina linaloonekana kwenye Windows lisikutulize. Muombe muuzaji akufungulie GPU-Z mbele yako. Programu hiyo huandika FAKE kwenye kadi nyingi za NVIDIA za kughushi. Akikataa kuifungua, weka fedha zako mfukoni.