Delhi, Vrindavan na Agra: anza na siku za kufungwa

Wengi wetu tunaotoka Mombasa kwenda Delhi tunapeleka mgonjwa, na kati ya kliniki moja na nyingine hubaki siku za kusubiri majibu. Mamangu akipata nguvu za kutembea hakubali kukaa gesti akitazama ukuta. Basi mimi hupanga hivi.

Kabla ya kuulizia bei ya gari, andika siku za kufungwa. Taj Mahal ni Ijumaa. Ngome Nyekundu ya Delhi na hekalu la Akshardham ni Jumatatu. Kwa hiyo Jumapili maliza Delhi: asubuhi kaburi la Humayun, alasiri Akshardham. Huko simu na kamera haziingii. Ziache gesti, uepuke foleni ya kuziweka.

Jumatatu shika njia ya Agra, lakini teremka Vrindavan, mji mtakatifu wa Wahindu. Wenye haraka hupapita, na kwangu mimi hapa ndipo penye utamu. Hekalu la Govind Dev lilijengwa mwaka 1590 na Raja Man Singh, jemadari Mhindu wa Akbar, mfalme Mwislamu wa ukoo wa Mughal, kwa mawe mekundu kama yale ya ngome za ukoo huo. Simama katikati uinue kichwa: matao na kuba juu yako, ungedhani umo msikitini, kumbe aabudiwaye hapo ni Krishna, mungu wa Wahindu. Ghorofa za juu hazipo tena; zilibomolewa enzi za Aurangzeb, kitukuu cha Akbar.

Fika asubuhi, kwa sababu mahekalu ya Vrindavan hufungwa mchana hadi jioni. Mikanda na mikoba ya ngozi iache garini. Tumbili nao ni wezi wa miwani: huinyakua usoni, wakapanda nayo ukutani, na hawaiachi mpaka warushiwe juisi au biskuti. Mama huivua mapema, akaifunga kwenye pindo la leso.

Lala Agra. Jumanne uwe langoni Taj kabla jua halijachomoza. Tiketi ya mgeni ni rupia 1,100, na 200 zaidi ya kuingia kaburini, na muda wako ni saa 3 tu. Kisha nenda Ngome ya Agra, Aurangzeb alikomfungia babake Shah Jahan, mjenzi wa Taj, kuanzia 1658 hadi mzee akafa 1666, akiitazama Taj, kaburi la mkewe, kando ya Mto Yamuna.

Jumatano ni Fatehpur Sikri, mji wa Akbar. Chukua soksi nene: uani msikitini viatu huvuliwa, na mawe ya saa sita yanaunguza.

Oktoba hadi Machi hali ya hewa ni nzuri, ila Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni. Kwa hiyo usiweke kliniki kesho ya siku ya kurudi Delhi. Na kadi ya homa ya manjano isikae kwenye sanduku. Utaulizwa uwanja wa ndege.