Jinsi ya Kupima Kama Chakula cha Chumvi Kinamfaa Mgonjwa wa Figo

Swali ninaloulizwa mara nyingi katika kazi yangu ya ushauri wa lishe hapa Dodoma ni kama mgonjwa wa figo bado anaruhusiwa kula samaki wa chumvi au karanga za kukaanga. Jibu halipatikani kwa kuonja, kwa sababu kinachoisumbua figo ni sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, na ulimi huitambua sehemu yake tu.

Hatua ya kwanza: fahamu kikomo cha siku. Wagonjwa wengi wenye ugonjwa sugu wa figo hushauriwa wasizidishe miligramu 2,000 za sodiamu, sawa na takriban gramu 5 za chumvi, yaani kijiko cha chai kisichojaa sana, kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku. Wapo wachache ambao figo zao hupoteza chumvi kwa njia ya mkojo, na hao hupangiwa kiwango kingine. Kwa hiyo muulize daktari wako kabla ya kuanza hesabu.

Hatua ya pili: soma lebo, kisha ulinganishe na kiasi unachokula. Tuseme pakiti ya karanga ina gramu 50, na lebo inaonyesha miligramu 800 za sodiamu kwa kila gramu 100. Ukiimaliza umekula miligramu 400, ambazo ni moja ya tano ya kikomo cha siku. Lebo ikitaja chumvi badala ya sodiamu, gramu 1 ya chumvi ihesabu kuwa miligramu 400 za sodiamu.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu, kwani chakula chetu kingi hakina lebo. Ingia jikoni uulize kila kilichotiwa chunguni. Mama mmoja aliniapia kwamba ameacha chumvi kabisa, na alikuwa mkweli. Lakini mlenda wake ulipikwa kwa magadi kila siku, na maharage vilevile. Magadi safi, zaidi ya robo ya uzito wake ni sodiamu, ingawa mdomoni hayana ukali wa chumvi. Vile vipande vya kiungo cha mchuzi vinavyouzwa dukani navyo, karibu nusu yake huwa ni chumvi, hivyo anayevitumia asiongeze chumvi nyingine. Samaki wa chumvi, yaani ng'onda au kayabo, hata akilowekwa na kubadilishiwa maji mara kadhaa, hupungua chumvi tu, haimwishi. Mimi humruhusu kwa kipande kidogo cha kuonjea ugali, tena siku ambayo mboga imepikwa bila chumvi.

Hatua ya nne: chunguza kilichoambatana na chumvi. Ile inayouzwa kama chumvi yenye sodiamu kidogo mara nyingi imetengenezwa kwa potasiamu, madini mengine ambayo figo dhaifu hushindwa kuiondoa na huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Usiinunue bila idhini ya daktari. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa huwa na fosfeti za kuongezwa, yaani chumvi za fosforasi ambazo nazo figo dhaifu hushindwa kuziondoa, kwa hiyo sioni haja ya kuzipigia hesabu, ziache.

Mwisho, jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kunywa chai. Uzito ukipanda ghafla, au soksi zikiacha alama nzito miguuni jioni, huenda chumvi imezuia maji mwilini; rudia hesabu ya siku mbili zilizopita na uende kliniki na daftari lako.