Sarafu ya twiga ya 1974: usiisugue

Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za kumbukumbu za uhifadhi wa wanyamapori, zikiwamo twiga wa shilingi 25 na faru wa shilingi 50, zote mbili za madini ya fedha. Zikiingia weusi watu hukimbilia ndimu, majivu au dawa ya meno. Sarafu hung'aa kama sufuria mpya, lakini ukiitazama kwa lenzi utaona imejaa mikwaruzo, na mnunuzi anayejua haigusi.

Anza na mizani ya sonara. Twiga alitoka kwa namna mbili. Ile ya gramu 28.28, yenye uso kama kioo, ni fedha asilimia 92.5, yaani gramu 26 na ushei za fedha tupu. Nyingine ina takribani gramu 25, na nusu tu ndiyo fedha. Chini ya bei ya fedha hiyo usiuze. Kinachozidi hapo hulipia hali ya uso.

Rangi inayoiingia sarafu ni salfa ya hewani ikishikana na fedha. Utando ukiwa mwembamba huonekana manjano kama chai ya rangi. Ukinenepa, zambarau, kisha buluu, mwisho mweusi tii. Rangi iliyoingia polepole kutoka ukingoni huongeza bei. Weusi uliomeza maandishi huishusha. Iinamishe sarafu chini ya taa: mng'ao ukizunguka chini ya rangi, uso ni mzima. Rangi kali iliyojaa hata ndani ya mikwaruzo, shuku kuwa imepikwa, yaani imetiwa kwa makusudi.

Ute wa kijani ni jambo jingine. Huo hutoka kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC na hula madini, kwa hiyo uondoe. Tumia asetoni tupu, si ile ya kucha yenye mafuta. Iloweke sarafu kwenye bilauri ya kioo dakika 10, dirisha wazi, mbali na jiko. Isuuze kwa asetoni mpya, iache ikauke bila kuifuta. Rangi itabaki.

Ishike ukingoni. Ihifadhi kwenye kibweta cha plastiki ngumu isiyo na PVC, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, hasa kama uko Pwani. Gazeti, rababendi na kitambaa cha sufu vina salfa.

Si kila sarafu ya kumbukumbu inastahili haya: shilingi 40 ya Kenya ya 2003 haina madini ya fedha kabisa. Ikishapita mikononi mwa makondakta, itumie tu.