Jinsi ya kumtambua nondo mkubwa wa hariri na kuandika jina lake

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Pugu, aliyetaka kujua jina la nondo mkubwa aliyetua ukutani karibu na taa ya baraza.

Hatua ya 1: Mpige picha kutoka juu, rula ikiwa kando yake. Sipendi kabisa mtindo wa kumtia kwenye chupa yenye dawa ya kuua, kwa sababu nondo wa familia ya Saturniidae, yaani hao nondo wakubwa wa hariri, wakishapevuka hawali, wanaishi siku chache tu, na siku hizo ndizo za kutaga mayai.

Hatua ya 2: Tazama vipapasio. Vya dume ni vipana kama unyoya, vya jike ni vyembamba zaidi.

Hatua ya 3: Tafuta kifukofuko, yaani ganda ambamo kiwavi hujifungia ili ageuke nondo, kwa maana si kila nondo wa familia hii anasokota hariri ya kujifungia. Bunaea alcinoe, mwenye madoa ya rangi ya chungwa yenye umbo la jicho kwenye mabawa ya nyuma, hugeuka pupa (hatua kati ya kiwavi na nondo) ardhini bila kifukofuko. Argema mimosae, mwenye rangi ya kijani-manjano na mikia mirefu, husokota kifukofuko chenye matundu madogo. Ukikuta kifukofuko kigumu chenye vinyweleo vinavyowasha, usikishike kwa mkono mtupu: huenda ni cha Gonometa, ambaye ni wa familia ya Lasiocampidae. Viwavi wengi wakiwa wamejifungia pamoja katika kiota kimoja, fikiria Anaphe, nondo ambao kijadi Wayoruba wa Nigeria hutumia hariri yao kufuma kitambaa cha sanyan.

Hatua ya 4: Andika jina. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nami nasisitiza msitegemee jina moja lililopendekezwa na programu ya simu. Jina la kisayansi lina sehemu mbili, jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) inayoanza kwa herufi kubwa na spishi kwa herufi ndogo, na wataalamu wanapohamisha spishi kutoka jenasi moja kwenda nyingine, sehemu ya kwanza hubadilika. Ndiyo maana utamkuta nondo yuleyule akiitwa Imbrasia belina mahali pamoja na Gonimbrasia belina mahali pengine, ukadhani ni wadudu wawili. Tafuta kwanza kwa sehemu ya pili, kisha linganisha jenasi kwenye hifadhidata ya Afromoths, inayohusu nondo wa Afrika kusini mwa Sahara. Jina la mtu na mwaka vikiwa ndani ya mabano, kama Argema mimosae (Boisduval, 1847), maana yake ni kwamba aliyemwelezea kwanza alimweka kwenye jenasi nyingine; kwa hiyo usiyafute mabano hayo, wala usiyaongeze pasipokuwapo. Picha ikiwa haitoshi kuthibitisha spishi, ishia kwenye jenasi.

Hatua ya 5: Ongeza tarehe, mahali na mti ambao kiwavi alikuwa anakula, kwa jina la Kiswahili unalolijua, kwa mfano mng'ongo.