Kabati la zamani la mninga: lisafishe bila kuliharibu

Kabla ya kushika kitambaa, jua kwanza kabati limepakwa nini. Chovya pamba kwenye spiriti, usugue pasipoonekana, mfano nyuma ya mguu, kwa nusu dakika. Pakinata na pamba ikawa kahawia, hiyo ni shelaki, polishi ya mafundi wa zamani. Isipobadilika, jaribu tina, ile ya kuzimulia rangi: pakilainika ni laka ya kupuliza. Vyote vikigonga mwamba, huenda ni vanishi ya mafuta, na hiyo haisumbui.

Anza na brashi laini, kavu. Nyumba za kando ya ziwa, kama Kirumba au Igombe kule Mwanza, zinapata wadudu wa ziwani. Ukiwafuta kwa maji wanapondeka na kuacha madoa. Kisha lita 1 ya maji ya vuguvugu na kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo. Kamua kitambaa mpaka kisidondoke, safisha kipande kidogo kidogo, ukaushe papo hapo. Maji yakiingia kwenye maungio yanalainisha gundi ya zamani ya mifupa, na kabati linaanza kucheza.

Msasa weka mbali. Ile rangi iliyoiva kwa miaka iko juu juu tu, ikishatoka hairudi.

Alama nyeupe ya kikombe kwenye shelaki ni unyevu ulionaswa. Pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo sana, haraka, bila kukandamiza. Ukizubaa polishi yote inatoka.

Nta: gramu 100 za nta ya nyuki, mililita 200 za tapentaini. Yeyushia nta kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji moto, zima jiko, ndipo umimine tapentaini. Inashika moto upesi, kwa hiyo changanyia nje. Ikipoa, paka kiasi kidogo, subiri dakika 20, sugua. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Ukizidisha itanasa vumbi.

Droo ikikwama Machi au Aprili, usiikimbilie na randa. Mbao imevimba kwa mvua, na Julai utabaki na mwanya. Sugua mshumaa kwenye reli zake.

Vitundu vya bungua, wadudu watoboao mbao, hukaa zaidi kwenye ukingo mweupe wa mbao. Moyo wa mninga hawauwezi. Tandaza gazeti chini kwa wiki moja. Ukikuta unga mpya, bado wapo: ingiza dawa ya mbao kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, ukiwa umevaa glavu.