Somo: Kusaga meno usiku na kukaza taya, dawa inaanzia mchana

Ukiamka taya limechoka na kichwa kinauma kwenye panja, huenda umeshinda usiku ukisaga meno.

Hatua ya kwanza ni kujikamata mchana. Unabangua korosho, unashona, unasubiri malipo ya mnada: je, meno yamegusana? Hayatakiwi kugusana ila unapotafuna na kumeza. Weka ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu. Funga midomo, achanisha meno. Taya litashuka lenyewe. Bandika kipande cha karatasi kwenye cherehani au nyuma ya simu. Kila ukikiona, achia taya. Hatua hii wengi wanaidharau kwa sababu haina kidonge, nami naisisitiza kuliko zote.

Ya pili, kabla ya kulala. Gusa shavu karibu na pembe ya taya, kisha uma meno. Utasikia msuli unatuna. Uweke kitambaa cha maji ya moto, yasiyounguza, dakika 10 hadi 15, halafu uukande taratibu. Jioni achana na kahawa, sigara na uraka, ile pombe ya mabibo. Vyote huchochea kusaga.

Taya likiwa linauma, pumzika miwa na pweza mgumu. Uji na samaki vinatosha.

Mwisho, nenda kliniki ya meno, hospitali ya Ligula kwa walioko Mtwara au Sokoine kwa walioko Lindi. Ulizia kifaa cha kuvaa usiku kinachotengenezwa kwa kipimo cha meno yako. Hakikomeshi kusaga, ila kinakinga meno yasilike, na jino lililolika halioti tena.

MASWALI

Mama wa Mikindani: Shikamoo tabibu. Mwanangu wa miaka 5 anasaga, bibi yake anasema minyoo.

Marahaba mama. Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba yake, lakini usiitegemee kwa hili. Watoto wengi husaga na huacha wenyewe wakikua. Akilalamika maumivu, mlete.

Mdau wa Nachingwea: Mume wangu anasaga, anakoroma, na pumzi inakata kabisa kisha anashtuka.

Huyo asiishie kwa wa meno, dada. Amwone daktari mapema, na wewe uende naye, maana yeye hajisikii akiwa amelala.

Mdau wa Lindi: Mimi nilianza baada ya kupewa dawa za sonona.

Baadhi ya dawa hizo huleta hali hiyo. Usiziache mwenyewe, kaka. Mweleze aliyekuandikia, anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia.